Fletcher dhidi ya Peck

Fletcher dhidi ya Peck ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 16 Machi 1810. Kwa nje ilikuwa kesi ya mkataba wa mauziano ya ekari 15,000 za ardhi kati ya watu wawili, Robert Fletcher na John Peck. Swali lililokuwa ndani yake lilikuwa kubwa zaidi: je, jimbo lililouza ardhi kwa sheria iliyopitishwa na wabunge waliohongwa linaweza baadaye kuifuta sheria hiyo, na kuwanyang'anya ardhi watu waliokwisha kuinunua kutoka kwa wanunuzi wa kwanza?

Mahakama ilijibu kwamba haliwezi. Katika maoni yaliyoandikwa na Jaji Mkuu John Marshall, ilisema kuwa tendo la jimbo la kumpa mtu ardhi ni mkataba, na Katiba ya Marekani inayakataza majimbo kutunga sheria inayovunja wajibu wa mikataba. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Mahakama ya Juu kuitangaza sheria ya jimbo kuwa batili kwa sababu inapingana na Katiba. Mwaka 1796 ilikuwa imekwisha kukataa kuitumia sheria moja ya Virginia, lakini sababu ya wakati ule ilikuwa mkataba wa amani na Uingereza.

Ardhi ya Yazoo

Baada ya vita vya uhuru wa Marekani, jimbo la Georgia lilidai kuwa mipaka yake inafika magharibi hadi mto Mississippi. Eneo hilo leo ni sehemu kubwa ya majimbo ya Alabama na Mississippi. Liliitwa ardhi ya Yazoo kutokana na mto Yazoo, unaoingia katika mto Mississippi.

Madai ya Georgia hayakuwa peke yake. Hispania ilidai sehemu ya kusini hadi ilipoiacha kwa mkataba wa mwaka 1795. Serikali ya shirikisho nayo ilidai kuwa na haki juu ya eneo hilo. Zaidi ya hayo, ardhi yenyewe ilikuwa inakaliwa na mataifa ya Waindio, yaani wenyeji wa asili wa Amerika, hasa Wacreek, Wacherokee, Wachoctaw na Wachickasaw. Hao ndio waliolima, kuwinda na kuzika wazee wao huko, na hawakuwa wameiuza kwa mtu yeyote.

Serikali ya Georgia ilikuwa na fedha kidogo na ardhi nyingi kwenye karatasi, kwa hiyo ilishawishika kuuza. Mwaka 1789 ilikubali kuyauzia makampuni matatu, lakini mpango ulivunjika pale jimbo lilipokataa kulipwa kwa noti zilizoshuka thamani. Mmoja wa wenye hisa katika makampuni hayo alikuwa Patrick Henry wa Virginia, mzungumzaji mashuhuri wa wakati wa mapinduzi.

Mauzo ya 1795

Tarehe 7 Januari 1795 Gavana George Mathews alitia saini sheria mpya ya mauzo. Takriban ekari milioni 35 ziliuzwa kwa makampuni manne: Georgia Company, Georgia-Mississippi Company, Upper Mississippi Company na Tennessee Company. Bei yote ilikuwa dola 500,000, yaani karibu senti moja na nusu kwa ekari.

Mpango huo uliongozwa na James Gunn, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa Georgia katika Bunge la Marekani. Wenye fedha kutoka sehemu mbalimbali za nchi walishiriki. Miongoni mwao alikuwa James Wilson, jaji wa Mahakama ya Juu yenyewe, aliyefariki mwaka 1798 akiwa amezama katika madeni ya biashara ya ardhi.

Haukupita muda mrefu kabla ya wananchi kufahamu jinsi sheria ilivyopitishwa. Wabunge wa Georgia walikuwa wamepewa fedha, au hisa katika ardhi ileile waliyokuwa wakiipigia kura. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa karibu kila mbunge aliyeunga mkono mauzo alikuwa na faida yake humo.

Kufutwa kwa mauzo, 1796

Hasira za wananchi zilikuwa kubwa. James Jackson, seneta mwingine wa Georgia, alijiuzulu kiti chake katika Bunge la Marekani akarudi nyumbani kuongoza upinzani. Uchaguzi uliofuata uliwaondoa wengi waliohusika, na bunge jipya likachaguliwa kwa kazi moja hasa, nayo ni kuyafuta mauzo.

Tarehe 13 Februari 1796 Gavana Jared Irwin alitia saini sheria ya kufuta. Sheria hiyo ilitangaza kuwa mauzo ya 1795 yalikuwa batili tangu mwanzo, ikaamuru kumbukumbu zake ziondolewe katika vitabu vya serikali, na ikakataza hati zilizotokana nayo kupokewa kama ushahidi mahakamani. Waliokuwa wamelipa waliruhusiwa kudai fedha zao. Kisha nakala ya sheria ya mauzo ilichomwa moto hadharani mjini Louisville, uliokuwa mji mkuu wa jimbo. Kwa masimulizi ya Georgia, moto huo uliwashwa kwa kioo cha kukusanya miali ya jua, ili ionekane kuwa umetoka mbinguni.

Lakini ardhi ilikuwa imeshaanza kusafiri. Siku ileile ya 13 Februari 1796, huko Boston, Georgia-Mississippi Company iliuza takriban ekari milioni 11 kwa kikundi cha wawekezaji kilichoitwa New England Mississippi Land Company, kwa bei ya senti 10 kwa ekari. Kwa njia za mawasiliano za wakati ule, habari kutoka Georgia hazikuweza kufika Boston siku hiyo. Wawekezaji nao waliwauzia wengine, na hao wengine wakauza tena. Katika muda mfupi hati za Yazoo zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, mabaharia na wajane wa New England ambao hawakuwahi kuiona Georgia.

Kwa hiyo kulikuwa na makundi mawili ya watu waliodhulumiwa na mauzo yale. Wananchi wa Georgia walikuwa wameuziwa mali yao ya pamoja na wawakilishi waliohongwa. Wanunuzi wa mwisho, au angalau baadhi yao, walikuwa wamelipa fedha halisi bila kushiriki hongo. Hasara ilikuwa lazima imwangukie mmoja wao.

Mwaka 1802 jambo lilizidi kuwa gumu. Georgia iliikabidhi serikali ya shirikisho ardhi yake yote ya magharibi kwa dola 1,250,000. Katika mapatano hayo serikali ya shirikisho iliahidi pia kuwaondolea Waindio haki zao za ardhi ndani ya mipaka iliyobaki ya Georgia, pindi hilo litakapowezekana kwa amani na kwa masharti ya kiasi. Tangu hapo wenye hati za Yazoo hawakuwa wakiidai Georgia tena, bali Marekani nzima.

Jinsi kesi ilivyoanza

Wenye hati hawakuweza kuishtaki Georgia katika mahakama za shirikisho. Baada ya kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia ya mwaka 1793, Katiba ilikuwa imerekebishwa kwa Badiliko la 11, lililoridhiwa mwaka 1795, ambalo linazuia jimbo kushtakiwa huko na raia wa jimbo lingine. Ilibidi itafutwe njia nyingine ya kulifikisha swali mbele ya majaji.

Njia hiyo ilikuwa kesi kati ya muuzaji na mnunuzi wa majimbo tofauti, kwa kuwa mahakama za shirikisho zina mamlaka ya kusikiliza kesi za namna hiyo. John Peck wa Massachusetts alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa ardhi ya Yazoo. Kwa hati ya tarehe 14 Mei 1803 alimwuzia Robert Fletcher wa New Hampshire ekari 15,000 kwa dola 3,000. Katika hati hiyo Peck alitoa ahadi kadhaa, ambazo kwa maneno mepesi zilikuwa hizi:

1. Kwamba Georgia ilikuwa mmiliki halali wa ardhi hiyo wakati sheria ya 1795 ilipopitishwa.
2. Kwamba bunge la Georgia lilikuwa na haki ya kuiuza.
3. Kwamba haki yote ya jimbo ilihamishwa kihalali kwenda kwa wanunuzi wa kwanza.
4. Kwamba haki hiyo haikuharibiwa na sheria yoyote ya baadaye ya Georgia.

Mwaka huohuo Fletcher alimshtaki Peck akidai kuwa ahadi hizo zote zimevunjwa. Alisema bunge halikuwa na mamlaka ya kuuza, wabunge walihongwa, sheria ya 1796 ilifuta kila kitu, na tena ardhi haikuwa ya Georgia bali ya Marekani.

Msomaji akiziangalia ahadi hizo ataona kuwa kila moja inalingana na swali moja la mgogoro wa Yazoo. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa hii ilikuwa kesi ya kupangwa, ambayo pande zote mbili zilitaka Peck ashinde. Kama Peck angeshinda, Fletcher angepoteza madai ya dola 3,000 lakini hati yake ya ardhi, pamoja na hati za wenzake wote, ingekuwa imethibitishwa na mahakama.

Kesi ilianzia katika mahakama ya shirikisho ya mzunguko huko Massachusetts. Kuhusu swali la nani alikuwa mmiliki wa ardhi hapo mwanzo, jopo la raia waliosikiliza kesi lilitoa maelezo marefu ya historia, yakiwemo tangazo la mfalme wa Uingereza la mwaka 1763 kuhusu ardhi za Waindio. Mwaka 1807 Jaji William Cushing aliamua kwa faida ya Peck. Fletcher akaenda Mahakama ya Juu.

Mawakili

Wakili wa Fletcher alikuwa Luther Martin wa Maryland, mmoja wa wajumbe wa mkutano wa Katiba wa mwaka 1787 aliyekataa kuitia saini Katiba. Upande wa Peck ulikuwa na Robert Goodloe Harper, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu kidogo cha kutetea hati za Yazoo, pamoja na John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani.

Kesi ilisikilizwa mara ya kwanza mwaka 1809, lakini majaji hawakuimaliza kwa sababu ya dosari katika majibu ya maandishi. Dosari ilirekebishwa, na mwaka 1810 kesi ikasikilizwa tena. Wakati huo Adams alikuwa ametumwa kuwa balozi nchini Urusi, na nafasi yake ilichukuliwa na Joseph Story, wakili kijana wa Massachusetts. Mwaka uliofuata Story mwenyewe aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Hukumu

Mahakama ilimpa Peck ushindi kwa madai yote. Maoni ya Marshall yalijibu hoja moja baada ya nyingine.

Mamlaka ya kuuza. Marshall alisema kuwa katiba ya Georgia haikulikataza bunge kugawa ardhi ya jimbo. Mahakama haipaswi kuitangaza sheria kuwa batili kwa wasiwasi tu. Mgongano kati ya sheria na katiba ni lazima uwe wazi.

Hongo. Marshall hakuitetea rushwa. Alisikitika kuwa uchafu wa namna hiyo uliweza kuingia katika serikali changa za Marekani. Hata hivyo aliuliza maswali ambayo hayakuwa na jibu rahisi. Je, inatosha mbunge mmoja kuhongwa, au lazima wawe wengi? Je, ni fedha tu zinazohesabiwa, au na faida nyingine pia? Je, majaji watachungulia nia ya kila mbunge aliyepiga kura? Aliona kuwa katika kesi ya mkataba kati ya watu wawili binafsi, mahakama haiwezi kuibatilisha sheria iliyopita kwa utaratibu kwa sababu ya nia za waliyoitunga.

Mnunuzi asiye na hatia. Hapa ndipo penye uzito wa hukumu. Marshall alikubali kuwa hati iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa dhidi ya mdanganyifu mwenyewe. Lakini mtu aliyenunua kutoka kwake kwa bei halisi bila kujua kosa lililofichika analindwa. Hiyo ilikuwa kanuni ya zamani katika mahakama za Kiingereza na Kimarekani. Bila kanuni hiyo, alisema, hakuna hati ambayo ingekuwa salama, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua kila lililotendeka kabla yake. Georgia ilikuwa imejifanya hakimu katika kesi yake yenyewe. Kama ingekwenda mahakamani kama mwananchi mwingine yeyote, mnunuzi asiye na hatia angelindwa dhidi yake.

Sheria na tendo lililofanyika chini yake. Georgia ilidai kuwa bunge moja haliwezi kulifunga mikono bunge linalofuata. Marshall alikubali kanuni hiyo kwa sheria za kawaida. Lakini sheria ikiwa imesababisha mali kuhama, kuifuta sheria hakurudishi mali. Tendo lililokwisha kufanyika haliwezi kugeuzwa kuwa halikufanyika.

Mkataba. Ibara ya I ya Katiba, sehemu ya 10, inayakataza majimbo kutunga sheria ya kumwadhibu mtu bila kumfikisha mahakamani, sheria ya adhabu inayorudi nyuma, au sheria inayovunja wajibu wa mikataba. Je, kugawa ardhi ni mkataba? Marshall alitofautisha mkataba ambao bado una jambo la kutendwa na mkataba uliokwisha kutekelezwa. Jimbo lilipotoa ardhi, mkataba wake ulikuwa umetekelezwa, lakini ndani yake ilibaki ahadi moja: aliyetoa hatarudi kudai tena alichotoa. Katiba inataja mikataba kwa jumla. Haisemi kwamba mikataba ya watu binafsi inalindwa na ya jimbo hailindwi.

Aliongeza kuwa sheria ya 1796 ilifanana na adhabu, kwa kuwa ilimnyang'anya mtu mali yake kwa kosa lililotendwa na wengine. Mwishowe alisema kuwa Georgia ilizuiwa ama na kanuni za jumla za serikali huru, ama na maneno mahususi ya Katiba. Hakusema waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili iliyotosha, na wanasheria wamelijadili jambo hilo tangu wakati huo.

Haki ya Waindio. Ilibaki hoja ya kuwa ardhi haikuwa ya Georgia. Kuhusu Waindio waliokuwa wakiikalia, Marshall aliandika maneno machache tu mwishoni. Alisema haki yao inapaswa kuheshimiwa na mahakama zote hadi itakapoondolewa kihalali, lakini kwamba haki hiyo haiizuii Georgia kuhesabiwa kuwa mmiliki. Hakuna taifa lolote la Waindio lililokuwa mshiriki katika kesi, wala wakili aliyesimama kwa niaba yao.

Maoni ya Jaji Johnson

Jaji William Johnson wa South Carolina alikubali kuwa jimbo haliwezi kurudisha lilichokwisha kutoa. Lakini yeye hakutegemea kifungu cha mikataba. Alisema msingi wake ni kanuni ya jumla inayotokana na akili na asili ya mambo, na akaona kuwa kifungu hicho kikipanuliwa mno kitayazuia majimbo hata kutunga sheria za kawaida za manufaa ya umma.

Alitofautiana na wenzake pia juu ya Waindio. Kwa maoni yake, mataifa hayo yaliyokuwa bado hayajaacha ardhi yao ndiyo yaliyokuwa wenye ardhi kamili. Alichokuwa nacho Georgia kilikuwa haki ya kuwa wa kwanza kununua siku watakapoamua kuuza, na haki hiyo si umiliki.

Johnson alieleza pia mashaka yake kuwa kesi ilionekana kuwa ya kupangwa. Alikubali kuiamua kwa sababu ya heshima yake kwa mawakili waliohusika.

Baada ya hukumu

Hukumu haikuwapa Fletcher na wenzake ardhi mara moja. Ardhi ilikuwa mikononi mwa serikali ya shirikisho, na ni Bunge la Marekani lililoweza kuwalipa. Tangu mwaka 1803 tume ya mawaziri watatu, James Madison, Albert Gallatin na Levi Lincoln, ilikuwa imependekeza maridhiano, lakini mbunge John Randolph wa Virginia aliyapinga miaka mingi akisema ni kuwalipa wezi kwa fedha za umma.

Randolph alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1813. Mwaka 1814 Bunge lilipitisha sheria ya kuwafidia wenye hati hadi jumla ya dola milioni 5, zitakazotokana na mauzo ya ardhi ya eneo hilo. Kwa hiyo kikomo cha fidia kilikuwa mara kumi ya bei ya mauzo ya mwaka 1795. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwa watu walionunua kwa nia njema, na sehemu nyingine kwa walanguzi waliozijua hatari tangu mwanzo.

Mississippi ilifanywa jimbo mwaka 1817 na Alabama mwaka 1819. Ardhi ya Yazoo ikawa kitovu cha kilimo cha pamba, kilichofanywa na watumwa Waafrika na wazao wao walioletwa kwa maelfu kutoka majimbo ya mashariki. Mataifa ya Waindio yalilazimishwa kuhamia magharibi ya mto Mississippi, hasa baada ya sheria ya kuwahamisha ya mwaka 1830. Georgia ilipodai kuondolewa kwa Wacherokee, ilitegemea ahadi ileile iliyopewa na serikali ya shirikisho katika mapatano ya 1802.

Athari katika sheria

Fletcher dhidi ya Peck ilifungua mlango kwa kesi nyingine nyingi. Zilizo muhimu ni hizi:

- New Jersey dhidi ya Wilson (1812): msamaha wa kodi uliotolewa kwa ardhi ya Waindio wa Delaware ulihesabiwa kuwa mkataba, na uliendelea kumlinda mnunuzi hata baada ya Waindio wenyewe kuuza na kuondoka.
- Chuo cha Dartmouth dhidi ya Woodward (1819): hati ya kuanzisha chuo, iliyotolewa mwaka 1769, ni mkataba ambao jimbo la New Hampshire haliwezi kuubadilisha bila ridhaa ya chuo. Uamuzi huo uliyapa makampuni ya biashara kinga kubwa.
- Johnson dhidi ya M'Intosh (1823): mahakama ilirudi kwa urefu kwenye suala ambalo Fletcher ililigusa kwa maneno machache, ikaamua kuwa Waindio wana haki ya kukaa katika ardhi yao lakini hawawezi kuiuza kwa watu binafsi.
- Daraja la Charles River dhidi ya Daraja la Warren (1837): chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, mahakama ilisema kuwa hati ya serikali isiyo wazi isomwe kwa faida ya umma, si kwa faida ya kampuni.
- Stone dhidi ya Mississippi (1880): jimbo haliwezi kuuza kwa mkataba mamlaka yake ya kulinda maadili na usalama wa wananchi. Kesi hiyo ilihusu bahati nasibu.
- Blaisdell (1934): wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, Minnesota iliruhusiwa kuchelewesha unyang'anyi wa nyumba zilizowekwa rehani.

Kwa mfululizo huo inaonekana kuwa kifungu cha mikataba kilikuwa na nguvu kubwa zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kisha kikapunguzwa hatua kwa hatua. Lakini kanuni nyingine ya Fletcher haikurudi nyuma kamwe: kwamba Mahakama ya Juu inaweza kuipima sheria ya jimbo kwa Katiba na kuikataa. Marbury dhidi ya Madison (1803) ilikuwa imethibitisha mamlaka hayo juu ya sheria za Bunge la Marekani. Fletcher iliyapeleka kwa majimbo.

Mjadala

Wanaoitetea hukumu husema kuwa biashara ya ardhi isingewezekana kama kila bunge jipya lingekuwa na uwezo wa kufuta hati za zamani. Leo bunge linafuta hati za wala rushwa, kesho litafuta za wapinzani wake. Usalama wa hati, kwa hoja yao, unamlinda mtu mdogo pia, ambaye hana nguvu ya kujitetea mbele ya serikali.

Wanaoipinga husema kuwa kifungu cha mikataba kiliwekwa mwaka 1787 kwa sababu ya sheria za majimbo zilizowasamehe wadaiwa madeni yao, kwa hiyo kililenga mikataba ya watu binafsi. Husema pia kuwa wananchi wa Georgia walitumia njia halali kabisa, yaani uchaguzi, kusahihisha uovu wa wawakilishi wao, na mahakama ikawazuia. Tena kelele za Yazoo zilienea nchi nzima mapema sana, hivyo ni vigumu kuamini kuwa mtu aliyenunua mwaka 1803, kama Fletcher, hakujua lolote.

Ukosoaji wa tatu, ulioongezeka katika miaka ya karibuni, unahusu wasiokuwepo mahakamani. Kanuni ya kuwa mwenye kupewa haki asinyang'anywe ilitumika kwa uangalifu mkubwa kwa wenye hati wa Boston. Kwa Wacreek, Wacherokee, Wachoctaw na Wachickasaw, ambao haki yao ilitangulia hati zote hizo, haikufuatwa. Maoni ya Johnson yanaonyesha kuwa hata mwaka 1810 kulikuwa na jaji aliyeliona jambo hilo.

Tazama pia

- Katiba ya Marekani
- John Marshall
- Marbury dhidi ya Madison
- Wacherokee
- Georgia (jimbo)